Siku saba kumfuata Carl Schurz, kutoka Watertown hadi New York

Siku ya kwanza: Watertown, Wisconsin

Tuliondoka nyumbani Milwaukee saa moja na nusu asubuhi, mimi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Kigoma, akaletwa Marekani akiwa na miaka kumi na miwili, na akajiunga na jeshi la hapa mara tu alipomaliza sekondari. Uraia wake aliupata akiwa ndani ya sare. Mkataba wake wa jeshi ulikwisha mwezi Mei, na tangu wakati huo wazee wa jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Tanzania, wamekuwa wakimsihi agombee udiwani. Yeye aliniuliza jambo moja tu: "Mjomba, hivi sare inaleta kura?" Nilimwambia kwamba yupo mtu ambaye maisha yake ni jibu refu la swali hilo, na kwamba mji alioanzia siasa zake hapa Marekani uko mwendo wa saa moja kutoka mlangoni petu.

Mtu huyo ni Carl Schurz, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1829 katika kijiji cha Liblar, karibu na mji wa Köln nchini Ujerumani, akiwa mtoto wa mwalimu wa shule. Alihamia Watertown na mkewe Margarethe katikati ya miaka ya 1850, wakati ambapo mji huu ulioko kando ya Mto Rock ulikuwa umejaa Wajerumani. Nyumba waliyoishi haipo tena, lakini jengo dogo la mbao ambamo Margarethe aliendesha shule ya chekechea mwaka 1856, ile inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika nchi hii, limehamishiwa kwenye uwanja wa jumba la makumbusho la mji, jumba kubwa la matofali lenye pembe nane. Tuliingia tukiwa tumeinamisha vichwa, si kwa sababu mlango ni mfupi sana, bali kwa sababu kila kitu ndani kimepimwa kwa kimo cha mtoto. Mpwa wangu alijaribu kukaa kwenye kiti kimoja, magoti yakamfika kidevuni. Watoto wa chekechea ile walifundishwa kwa Kijerumani, na nadhani hapo ndipo mtu anapopaswa kuanza kumwelewa Schurz.

Mwaka 1857, ikiwa ndiyo kwanza anatimiza miaka mitano tangu ashuke melini New York, chama cha Republican kilimsimamisha agombee nafasi ya naibu gavana wa Wisconsin. Hakuwa na cheo chochote cha jeshi la Marekani, wala hakuwahi kuvaa sare yake. Chama kilikuwa kipya, kilikuwa kikipinga kuenezwa kwa utumwa katika maeneo mapya ya magharibi, na kilikuwa na tatizo moja kubwa huku kwetu: Wajerumani wengi waliwapigia kura wapinzani wake, Democratic, kwa kuwa waliwashuku Republican kwamba wamewapokea ndani ya chama watu wasiowataka wageni. Kilihitajika kinywa cha kuwasemesha Wajerumani kwa lugha yao, na Schurz alikuwa nacho. Alizunguka kwenye miji midogo na mashamba akihutubia kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza. Mgombea ugavana wa chama chake alishinda, yeye akashindwa kwa kura 107. Nilipomtajia mpwa wangu hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba kwenye harusi ya mwisho tuliyohudhuria walikuwepo watu zaidi ya hao.

Jioni tulilala Madison, tukapita kwenye uwanja wa Bunge la jimbo kuitazama sanamu ya Hans Christian Heg, Mnorwe aliyechaguliwa kwanza kuwa kamishna wa magereza wa jimbo, kisha akaenda kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani akiongoza Kikosi cha 15 cha Wisconsin kilichojaa watu wa Skandinavia, akapigwa risasi Chickamauga Septemba 1863 na kufa. Sanamu yake iliangushwa na waandamanaji mwaka 2020 na kurudishwa mwaka uliofuata. Kwa Heg siasa ilitangulia na bunduki ikafuata, jambo ambalo wengi wetu hatulitarajii tunaposikia habari za askari wahamiaji.

Siku ya pili: njiani kwenda Quincy, Illinois

Ni mwendo wa zaidi ya saa tano kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka, na ndani ya gari nilimsimulia mpwa wangu uaskari wa kwanza wa Schurz, ule wa Ujerumani.

Mwaka 1848, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bonn, alijiunga na harakati za kudai katiba na umoja wa nchi. Mwaka uliofuata akawa ofisa katika jeshi la wanamapinduzi lililopigana na Waprusi, askari wa ufalme wa Kijerumani wa Prussia, huko Palatinate na Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani, na akajikuta amezingirwa ndani ya ngome ya Rastatt. Ngome ilisalimu amri tarehe 23 Julai 1849. Schurz alikuwa raia wa Prussia, kwa hiyo alijua kwamba akikamatwa atahukumiwa kama msaliti, na yaelekea atapigwa risasi. Akiwa na wenzake wawili aliingia kwenye mfereji wa majitaka unaopita chini ya kuta. Mara ya kwanza waliikuta njia imezibwa na kulindwa, wakarudi na kujificha kwa siku kadhaa bila chakula cha maana, kisha wakaingia tena na kutokea nje ya ngome, wakauvuka Mto Rhine na kufika Ufaransa. Alikuwa na miaka ishirini. Mwaka 1850 alirudi Prussia kwa siri, na usiku wa kuamkia tarehe 7 Novemba akamtorosha mwalimu wake, Profesa Gottfried Kinkel, kutoka gereza la Spandau, kwa msaada wa mlinzi aliyekubali kuhongwa na kamba iliyoteremshwa kutoka juu ya paa.

Mpwa wangu aliniuliza kama simulizi hiyo ndiyo iliyompa kura Wisconsin. Kwa kiasi, naam. Wajerumani wa Marekani walilijua jina lake kabla hajashuka melini, kwa maana magazeti yao yalikuwa yamekiandika sana kisa cha Spandau. Lakini wanamapinduzi wakimbizi wa mwaka 1848 walikuwa maelfu, na wengi wao walibaki kwenye vilabu vyao wakisimuliana vita walivyoshindwa. Schurz alikaa Philadelphia na kamusi. Alijifunza Kiingereza kwa kusoma gazeti la kila siku, kila neno asilolijua akilitafuta, kisha akawa anachukua maandishi magumu ya Kiingereza, anayatafsiri kwa Kijerumani, anayaacha yapoe, na kuyarudisha tena kwenye Kiingereza bila kutazama, ili alinganishe na asili. Mimi nimefundisha Kiingereza watu wazima kwa miaka minane katika jumba la jumuiya yetu, na sijawahi kuona njia ngumu kuliko hiyo wala yenye faida kubwa zaidi kwa anayeivumilia.

Tulifika Quincy alasiri. Katika bustani ya Washington, katikati ya mji, upo mchoro mkubwa wa shaba uliochongwa na Lorado Taft, unaoonyesha mdahalo wa sita kati ya Abraham Lincoln na Stephen Douglas, uliofanyika hapo tarehe 13 Oktoba 1858. Schurz alikutana na Lincoln kwa mara ya kwanza ndani ya treni, usiku wa kuamkia mdahalo huo. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi alivyomwona mtu mrefu kupita kiasi, mwenye kofia ndefu iliyochakaa, ameshika mkono mmoja mwavuli wa pamba uliotuna pamoja na begi jeusi, akisalimiana na abiria kama jirani. Wakaketi pamoja, na Lincoln akamweleza hali ya kampeni yake kwa uwazi, huku akimuuliza maoni yake. Mgeni wa miaka sita nchini alikuwa akiombwa ushauri na mgombea wa useneta, na ni kwa sababu Illinois nayo ilikuwa na Wajerumani wengi.

Miezi sita baadaye alisimama Boston, katika ukumbi wa Faneuil, kuupinga mpango wa jimbo la Massachusetts wa kumtaka mhamiaji asubiri miaka miwili baada ya kupata uraia ndipo aruhusiwe kupiga kura. Massachusetts ilikuwa ngome ya chama chake mwenyewe, na hakuionea haya. Mwaka 1860, kwenye mkutano mkuu wa Chicago, alihakikisha kwamba ilani ya chama inatamka wazi kupinga sheria yoyote ya kupunguza haki za wahamiaji waliokwisha kuwa raia. Ilani hiyo ndiyo iliyompeleka Lincoln Ikulu, na Schurz akapewa ubalozi wa Hispania.

Siku ya tatu: St. Louis, Missouri

Tulifuata mkondo wa Mississippi kuelekea kusini tukafika St. Louis kabla ya adhuhuri. Vita ya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini ya Lincoln na majimbo ya Kusini yaliyoasi, nimeiruka kwa sababu ya jiografia, na msomaji aniwie radhi, tutaikuta Pennsylvania.

Schurz alihamia hapa mwaka 1867 akawa mhariri na mmoja wa wamiliki wa Westliche Post, gazeti la Kijerumani. Wakati huo maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, bali na mabunge ya majimbo, utaratibu uliodumu hadi 1913. Januari 1869 alikwenda Jefferson City kushindania kiti cha Missouri, na mpinzani wake mkubwa, Seneta Charles Drake, ambaye alikuwa akimpigania mtu wake, akafanya kosa la kuwashambulia Wajerumani wote mbele ya wajumbe, kwamba ni watu wasiojua Kiingereza na wanaosoma magazeti yao tu. Schurz alimjibu kwa Kiingereza kisichokuwa na kasoro. Bunge likamchagua, na alipoapishwa tarehe 4 Machi 1869, siku mbili baada ya kutimiza miaka arobaini, akawa mzaliwa wa kwanza wa Ujerumani kuingia katika Seneti ya Marekani. Juu ya hapo palibaki ngazi moja tu, urais, na Katiba imeifunga kwa yeyote ambaye hakuzaliwa raia. Mpwa wangu alicheka niliposema hivyo, akasema kwanza tuipate kata.

Gazeti hilohilo ndilo lililomwajiri mwaka 1868 kijana wa Kihungari aliyekuwa amehangaika mjini bila kazi baada ya kutumika katika wapanda farasi wa jeshi la Lincoln. Jina lake Joseph Pulitzer. Mwaka mmoja baadaye alichaguliwa katika Bunge la Missouri akiwa na miaka ishirini na miwili, ingawa umri uliotakiwa na sheria ulikuwa ishirini na minne.

Katika bustani ya Compton Hill upo mnara wa kuwakumbuka wahariri watatu wa gazeti hilo, Schurz, Emil Preetorius na Carl Daenzer, uliozinduliwa mwaka 1914. Ni mwanamke wa shaba, uchi, ameketi na kunyoosha mikono yenye mienge miwili. Jina la mnara ni Ukweli Mtupu. Maandishi yake ni ya Kijerumani na Kiingereza. Mpwa wangu alisimama mbele yake kwa heshima ya kijana aliyelelewa vizuri, macho kwenye maandishi.

Mbele ya sanamu yenye jina hilo sina budi kusema linaloniuma. Mwaka 1865 Rais Andrew Johnson alimtuma Schurz akague majimbo ya Kusini yaliyoshindwa vitani. Alizunguka South Carolina, Georgia, Alabama, Mississippi na Louisiana, akarudi na taarifa iliyoeleza kinagaubaga jinsi watu weusi waliokombolewa walivyokuwa wakipigwa na kuuawa kwa kuthubutu kuyahama mashamba ya mabwana wa zamani, na akapendekeza wapewe haki ya kura. Johnson hakuitaka taarifa hiyo. Bunge likaidai na kuichapisha. Ni moja ya maandishi ya haki ya zama zile. Lakini seneta Schurz wa mwaka 1871 aliipinga sheria iliyompa Rais nguvu za kulizima kundi la Ku Klux Klan, wazungu wa Kusini waliowashambulia watu weusi, kwa hoja kwamba inaipa serikali kuu mamlaka kupita mipaka ya Katiba, na mwaka uliofuata akawa anapigania msamaha kwa waasi wa Kusini. Alikuwa ameona kwa macho yake. Watu walewale aliowaandika mwaka 1865 ndio waliokuwa wakichomewa nyumba usiku, na mtu aliyejua maana ya kuhatarisha roho kwa ajili ya mwalimu wake Spandau aliwaacha mikononi mwa adui zao. Nilimwambia mpwa wangu kwamba akiingia katika baraza, siku atakapojikuta anatetea utaratibu dhidi ya watu aliokwisha kuyaona majeraha yao, anipigie simu kwanza.

Siku ya nne na ya tano: barabarani

Illinois, Indiana, Ohio, kipande cha West Virginia, halafu milima ya Pennsylvania. Tulilala Columbus. Siku ya tano mvua ilitushika tangu asubuhi, na tuliingia Gettysburg gizani.

Siku ya sita: Gettysburg, Pennsylvania

Tulikwenda kwanza kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Howard, ambako Kikosi Kikuu cha 11 cha jeshi la Kaskazini, chenye vikosi vingi ndani yake, kilipigana alasiri ya tarehe 1 Julai 1863. Nilikuwa nimesoma habari za mahali hapa kwa miaka mingi, lakini ilibidi askari anioneshe. Mpwa wangu alishuka garini, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema: "Mjomba, hapa ni kama meza." Ni uwanda mtupu wa mashamba, hakuna bonde, hakuna msitu wa kukinga ubavu, isipokuwa kichuguu kimoja upande wa mashariki kinachoitwa leo kilima cha Barlow. Alichuma unyasi akanyoosha nao kuonyesha barabara ambako divisheni ya Jubal Early, jenerali wa Kusini, ilitokea na kuwapiga kwa ubavuni, akaniambia kwamba hata asingekuwa amesoma chochote angejua adui atatokea pale.

Schurz alipewa ujenerali na Lincoln mwaka 1862, baada ya kuuacha ubalozi na kuomba aende vitani. Wanajeshi wa kazi walinung'unika, na hawakukosea kabisa: cheo hicho kilikuwa pia njia ya Lincoln ya kuwashika Wajerumani mkono. Lakini alijifunza haraka. Tarehe 2 Mei 1863, huko Chancellorsville, alimwonya mkuu wake, Jenerali Oliver Howard, kwamba ubavu wao wa kulia uko wazi, na kwa hiari yake akageuza baadhi ya vikosi vyake vitazame magharibi. Onyo halikusikilizwa, Stonewall Jackson, jenerali wa Kusini, akatokea msituni jioni, na Kikosi cha 11 kikasambaratika. Magazeti yalipotafuta wa kubebeshwa lawama, yaliwapata Wajerumani: waoga, wamekimbia. Schurz aliomba taarifa yake ichapishwe hadharani ili ukweli ujulikane, akakataliwa.

Wiki nane baadaye watu walewale walikuwa kwenye meza hii. Jenerali John Reynolds alikuwa ameuawa asubuhi, Howard akashika uongozi wa uwanja mzima, na Schurz akawa anaongoza Kikosi chote cha 11. Walikuwa wachache kwa mstari mrefu mno, na Francis Barlow, mmoja wa majenerali wa kikosi hicho, akausogeza upande wake mbele zaidi hadi kwenye kile kichuguu. Walipovunjwa walirudi nyuma kupitia vichochoro vya mji, na Alexander Schimmelfennig, aliyekuwa ofisa wa Prussia na mwenzake Schurz tangu mapinduzi ya 1849, alikatiwa njia akajificha nyuma ya nyumba moja ya barabara ya Baltimore, kati ya kuni na mapipa ya makombo ya nguruwe, kwa siku tatu. Tulifika hapo. Ni nafasi ambayo mtu mzima hawezi kujinyoosha. Jioni ya tarehe 2, Schurz mwenyewe aliwaongoza askari wake kwa panga na vitako vya bunduki kuokoa mizinga juu ya kilima cha Makaburi, kilima ambacho jeshi la Kusini halikukipata.

Na bado lawama zilibaki. Hili ndilo nililotaka mpwa wangu alione kwa macho: katika maisha ya mtu huyu, vita haikumjengea jina kwa Wamarekani wenyeji, ilimchafulia. Sare iliwafungulia wengine. Edward Salomon, Myahudi wa Kijerumani aliyeongoza Kikosi cha 82 cha Illinois papo hapo kwenye barabara ya Howard, alikuja kuwa gavana wa eneo la Washington mwaka 1870. Kwa Schurz kilichobaki baada ya vita ni kilekile alichokuwa nacho kabla yake, yaani watu wake na lugha zake mbili.

Mpwa wangu hakujibu. Alikwenda kusimama kwenye mnara wa Kikosi cha 82 na kusoma majina, moja moja, kwa sauti ya chini.

Siku ya saba: New York

Tulifika Manhattan mchana. Upande wa mashariki, kando ya mto, ipo bustani yenye jina la Schurz tangu 1910, na ndani yake ndimo lilimo jumba la meya wa jiji. Hatukukaa, nilitaka tufike Morningside, mwisho wa mtaa wa 116, kwenye sanamu iliyosimamishwa mwaka 1913. Schurz amesimama wima, koti refu, amekwisha kupita yote: amekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani chini ya Rais Rutherford Hayes kuanzia 1877 hadi 1881, ambako alianza kuajiri watu kwa mtihani badala ya kujuana, na uzeeni amepinga Ufilipino kutawaliwa na Marekani kwa nguvu zilezile alizopinga utumwa. Alifariki hapa New York tarehe 14 Mei 1906. Aliyemchonga, Karl Bitter, naye alikuwa mhamiaji, kijana wa Austria aliyelitoroka jeshi la nchi yake.

Nilikuwa nikimweleza mpwa wangu habari hizo simu yake ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa Fizi, Kongo, aliyeapa kiapo cha uraia mwezi uliopita na kupokea barua asiyoielewa kuhusu kujiandikisha kupiga kura. "Shikamoo mama," alimwamkia, akamwomba aisome barua herufi kwa herufi, naye akawa anamfafanulia kila mstari kwa Kiswahili, akirudia pale mama aliposema hajaelewa, bila haraka. Mazungumzo yalichukua zaidi ya nusu saa. Nilikaa kwenye kiti cha jiwe chini ya sanamu nikimsubiri, na alipokata simu alikuwa amenyoosha mkono kuniomba kalamu, aandike jina la mtaa wa mama yule.